Mzee hakususa, njia ya chakula imempotea

Mwaka juzi, wiki moja baada ya Idi, dadangu alinipigia simu asubuhi na mapema. "Kaka, bangili za mama zamtoka zenyewe," aliniambia. Bangili hizo mama alivishwa siku ya harusi yake, na sisi watoto tulizoea kumwona akizitoa kwa povu la sabuni kila alipotaka kuzisafisha. Sasa zilikuwa zikiteleza mkononi akitawadha.

Jioni hiyo nilikwenda nyumbani Majengo, tukampeleka duka la dawa la mtaani na kumpandisha mizani. Kilo 47. Kadi yake ya kliniki ya presha ya mwaka uliotangulia ilionyesha kilo 56. Kilo 9 zilikuwa zimeondoka ndani ya nyumba yenye watu sita, inayopika mara tatu kwa siku, na hakuna aliyeona. Mimi mwenyewe nilikuwa nikipita kila Ijumaa baada ya swala. Namkuta ameketi ndani ya dira lake pana, namuuliza, "Mama, umekula?" Ananijibu, "Nishakula mwanangu, alhamdulillahi." Naridhika, naondoka zangu.

Wakati huo mama alikuwa na miaka miwili tangu apatikane na maradhi ya kupoteza kumbukumbu, yale ambayo madaktari wanayaita dimensia. Tulishajua kuwa atasahau majina ya wajukuu na kwamba ataswali adhuhuri mara mbili. Hakuna aliyetuambia kuwa maradhi haya yanaingia mpaka kwenye sahani. Ndiyo maana naandika leo, kwa sababu tangu nianze kulizungumza jambo hili barazani, nimekuta nyumba nyingi ziko pale tulipokuwa sisi.

Tulivyodhani

Nyumbani kulikuwa na maelezo matatu. Shangazi alisema ni uzee tu, mtu mzima hali kama kijana. Dadangu, ambaye ndiye mpishi, alidhani mama anamsusia. Sahani ilikuwa ikirudi jikoni vile vile ilivyotoka, naye akalichukulia moyoni, akawa anajiuliza amemkosea nini mzazi wake. Jirani mmoja alitushauri tutafute mtu wa kumsomea, maana huenda kuna kitu kimemwingia. Kumwombea dua mgonjwa ni jambo jema na tulilifanya. Lakini wiki zikapita na mama akazidi kukonda.

Aliyetufungua macho ni afisa mmoja wa kliniki. Alituuliza swali moja: "Mumewahi kuketi mkamtazama anavyokula, toka mwanzo mpaka mwisho?" Tukatazamana. Chakula kilikuwa kikiwekwa mbele yake, na aliyekileta akirudi kwa shughuli zake.

Kesho yake niliketi nikatazama. Ilikuwa wali mweupe na samaki wa kupaka, ndani ya sahani nyeupe, juu ya kitambaa cheupe chenye maua mekundu. Televisheni ilikuwa yaunguruma na watoto wapita mbio. Mama alichukua kijiko, akakigeuza, akakiweka chini. Akakichukua tena. Kisha akaanza kuyaokota yale maua ya kitambaa kwa vidole, moja baada ya jingine. Baada ya muda akakunja mikono. Nikamuuliza kama ameshiba. "Nishakula," akasema.

Hakuwa akidanganya, wala hakuwa amesusa. Wali ulikuwa mbele yake na hakuuona.

Maradhi yanafanya nini

Dimensia ni jina la hali inayoletwa na maradhi kadhaa yanayoharibu ubongo. La kawaida zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer. Jingine kubwa ni lile linalotokana na kiharusi na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, na hilo linatuhusu sana sisi wenye presha na sukari katika kila nyumba. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimensia, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Uzee unaongeza uwezekano wa kuipata, lakini dimensia si uzee. Wako wazee wa miaka 90 ambao akili zao ni timamu.

Kwamba maradhi haya yanagusa kula si habari mpya. Mwaka 1901, huko Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alianza kuandika habari za mgonjwa wake aliyeitwa Auguste Deter, mwanamke wa miaka 51. Katika kumbukumbu zake aliandika kwamba siku moja mgonjwa huyo alikuwa akila koliflawa na nyama, na alipoulizwa anakula nini, alijibu ni mchicha. Chakula kilikuwa mdomoni mwake na jina lake limempotea.

Kula kunatufanya tudhani ni jambo jepesi. Hebu tuhesabu hatua zake. Uhisi njaa. Ukumbuke kama umekula au la. Uione sahani na utambue kilichomo ni chakula. Ujue mkono ushike nini na uelekee wapi. Utafune, kisha ukumbuke kumeza. Maradhi haya yanaweza kuikata kamba hiyo mahali popote. Kuna anayekaa siku nzima bila kuhisi njaa wala kiu. Kuna anayekula mara mbili kwa sababu amesahau mara ya kwanza. Kuna anayeweka tonge mdomoni akalisahau shavuni. Pua nayo hupoteza uwezo wake, na chakula kisichonukia hakina ladha. Ndiyo maana wengi huelekea kwenye vitu vitamu, maana utamu ndio wanaouonja bado.

Zaidi ya hayo kuna sababu za kawaida ambazo mgonjwa hawezi kuzisema kwa ulimi wake: jino linalouma, meno ya bandia yaliyolegea kwa kukonda, vidonda vya mdomoni, kufunga choo, huzuni. Baadhi ya dawa pia hupunguza hamu ya kula, ikiwemo donepezili, ambayo hupewa wagonjwa wa Alzheimer wenyewe. Kwa hivyo kabla ya kubadilisha chakula, mtazameni kinywa, na muulizeni daktari kuhusu dawa anazotumia.

Tulichobadilisha

Jambo la kwanza lilikuwa sahani. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio dogo kwa wagonjwa 9 wa Alzheimer waliofika hatua ya mbali. Walipobadilishiwa vyombo vyeupe wakapewa vya rangi kali, kama nyekundu, walikula kwa asilimia 25 zaidi na kunywa kwa asilimia 84 zaidi. Watu 9 ni wachache, lakini jambo lenyewe ni rahisi kulijaribu. Tulinunua sahani nyekundu ya plastiki huko Marikiti, tukaondoa kitambaa cha maua, na siku hiyo hiyo mama akauona wali.

La pili lilikuwa kelele. Televisheni inazimwa wakati wa kula. Watoto wanaambiwa nyanya anakula.

La tatu, tulimwondolea kijiko. Mama alikula kwa mkono maisha yake yote. Sisi ndio tuliompa kijiko tukidhani tunamrahisishia, kumbe mkono ulikuwa bado wakumbuka kile ambacho kichwa kimesahau. Tunamwosha, anasema bismillahi, na vidole vinajua vyenyewe. Siku ambazo wali unamwagika tunampa vitu vya kushika: kipande cha muhogo wa kuchemsha uliolainika, mahamri, chapati iliyokatwa vipande, yai la kuchemsha lililokatwa, ndizi, embe bivu, samaki aliyechambuliwa miba yote. Nasisitiza miba. Aliyesahau kutafuna vizuri hawezi kutegemewa kuutafuta mwiba kwa ulimi.

La nne, hatumpi tena chakula akiwa peke yake. Sisi wa pwani tuna sinia, na sinia ni dawa ambayo hatukuijua. Mgonjwa akikaa na watu wanaokula, akiuona mkono wa mwenzake unakwenda mdomoni, wake nao hufuata. Hata siku ambazo mimi nimekwisha kula kwangu, naketi naye na kikombe changu na kaimati mbili, tunakula pamoja.

La tano, tulipunguza wingi na kuongeza nyakati. Sahani iliyojaa humtisha. Sasa anakula kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku, na chakula kikubwa tunampa wakati ambao yuko vizuri zaidi. Kwa mama ni asubuhi. Jioni huwa na wasiwasi, anataka kurudi kwa babake aliyekufa miaka mingi iliyopita, hapo hata ukimpa biriani hali.

La sita, kila tonge tunalitilia nguvu. Ikiwa atakula vijiko vitano tu, basi vijiko hivyo viwe na kitu ndani. Uji tunautia maziwa, samli au siagi ya njugu iliyosagwa laini. Mbaazi tunaziponda ndani ya tui zito. Viazi tunavichanganya na yai. Hapa ndipo watu wengi hushtuka, kwa sababu miaka yote tumeambiwa tupunguze mafuta na nazi. Ushauri ule ni wa mtu mwenye mwili wa kutosha. Kwa mzee mwenye dimensia anayekonda, hatari iliyo mbele yake ni kukonda kwenyewe: misuli inaisha, anaanguka, anavunjika nyonga, kila homa inamshinda.

Na maji. Mwili wa mzee hauna kiu ya kuaminika. Usimuulize "wataka maji?", maana atasema hataki. Mpe kikombe mkononi, kidogo, mara kwa mara. Chai ya maziwa yahesabika, dafu lahesabika ikiwa hana shida ya figo, supu, tikiti maji na chungwa pia. Upungufu wa maji pekee waweza kumfanya achanganyikiwe maradufu na mkadhani maradhi yamepanda.

Sukari na presha

Wagonjwa wengi wa dimensia hapa kwetu wana sukari pia, kama mama. Kuna hatari hapa ambayo kila anayetoa dawa nyumbani lazima aijue. Insulini, na baadhi ya vidonge kama glibenklamaidi, hushusha sukari hata kama mtu hajakula. Mgonjwa akisema "nishakula", ukampa dawa yake, na kumbe tumbo ni tupu, sukari yaweza kushuka hadi azimie. Usiamini maneno, amini macho yako. Kwanza ale, umwone, kisha mfuate maelezo ya dawa. Na kama uzito wake umepungua, rudini kliniki. Huenda kipimo cha dawa alichopewa akiwa na kilo 56 ni kikubwa mno kwa mtu wa kilo 47. Kwa mama ndivyo ilivyokuwa, na daktari akakipunguza.

Pia muulizeni daktari kama masharti ya chakula ya zamani yalegezwe. Mzee wa miaka 80 aliyebaki na vyakula vitatu anavyovitambua, na kimoja ni tende, asinyang'anywe tende hiyo na jamaa kwa kukisia.

Na wale wanaouza vidonge na unga wa kurudisha kumbukumbu, wakiwemo wanaokuja mpaka misikitini baada ya swala, tuwaogope. Hakuna vitamini wala mti shamba uliothibitishwa kumrudishia kumbukumbu mgonjwa wa dimensia. Vitamini husaidia pale kipimo kinapoonyesha upungufu. Kwa mfano, metfomini, dawa ya sukari itumiwayo na wengi, ikitumiwa miaka mingi yaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao huharibu kumbukumbu. Hilo ni la kupimwa kwa damu. Pesa za unga ule nunueni mayai.

Kumeza

Maradhi yakiendelea, kumeza kwenyewe kunakuwa kazi. Dalili zake ni kukohoa au kupaliwa akila au akinywa, sauti kuwa na majimaji baada ya kumeza, chakula kubaki mashavuni, na homa za kifua zinazojirudia. Chakula au maji yakiingia njia ya hewa huleta nimonia, na nimonia ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wagonjwa hawa.

Tuliyofundishwa ni haya. Mgonjwa akae wima, kidevu kikiinama kidogo, asilishwe akiwa amelala. Anayelisha aketi mbele yake, sawa na macho yake, asisimame juu yake. Tonge liwe dogo, na usilete jingine kabla la kwanza halijamezwa. Akimaliza, abaki ameketi nusu saa. Maji matupu na supu yenye vipande ndani ndivyo humpalia mgonjwa haraka, ilhali uji mzito au mtindi hupita kwa utulivu kwa wengi. Lakini kila mtu na koo lake, kwa hivyo ukiona dalili hizo mpeleke apimwe. Na kamwe usimbane pua wala kumlazimishia chakula mdomoni. Nimeona likifanywa kwa mapenzi, na nimeona lilivyokaribia kuua.

Jamaa wengine hufika siku ya kuuliza kuhusu mpira wa kulishia kupitia puani au tumboni. Kwa mgonjwa aliyefika hatua ya mwisho ya dimensia, wataalamu wa lishe na wa wazee hawaushauri, kwa sababu haujaonekana kumrefushia maisha wala kumzuilia nimonia. Wanachoshauri ni kuendelea kumlisha kwa mkono, taratibu, kile anachokiweza na kukifurahia. Kufikia hapo, kula kidogo ni sehemu ya maradhi yenyewe, na jamaa asijilaumu kuwa amemwacha mzazi wake na njaa.

Mwezi wa Ramadhani

Mwaka jana mama alikuwa akitaka kufunga. Daku anaamka na watu, mchana akipewa uji anasema, "Mimi nina saumu." Dadangu alikuwa akilia jikoni, hajui amlazimishe mama avunje saumu au amwache. Tulimwendea imamu wetu. Alitueleza kuwa mgonjwa ameruhusiwa na Mola wake asifunge, na aliyepotewa na akili hana jukumu hilo kabisa. Kuhusu fidya alitueleza kulingana na hali yake mama, nanyi waulizeni masheikh wenu, maana hukumu ya mzee mwenye akili timamu asiyeweza kufunga si sawa na ya aliyepotewa na akili.

Hatukubishana na mama. Ubishi humtia hasira na humfunga mdomo siku nzima. Dadangu alikuwa akitandika mkeka, akiweka tende na uji, akimwambia, "Mama, karibu." Akiziona tende, mama alikuwa akinyoosha mkono mwenyewe. Mlango wa barabarani tuliufunga wakati huo ili asije mpita njia akamwona na kumsema. Wale wanaowasema wazee wanaokula mchana wa Ramadhani, naomba kwanza waulize wako katika hali gani.

Tuliobaki tufanye nini

Fanyeni mambo mawili wiki hii. La kwanza, mpimeni mzee uzito, muandike kwenye daftari, na mrudie kila mwezi. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba zetu wengi wao wana mizani. Mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 3 ndani ya miezi 6 bila kukusudia, mpelekeni hospitali. Na akiacha kula ghafla, au akachanganyikiwa zaidi ndani ya siku moja mbili, msingoje mizani. Hiyo huenda ni maambukizi ya mkojo, au maji yamempungukia, au sukari, na vyote vyatibika.

La pili ni letu sisi wanaume. Mlo mmoja wa mama huchukua dakika arubaini, na kwa siku ni milo mitano. Hesabu mwenyewe. Dadangu alikuwa akiibeba kazi hiyo peke yake huku mimi nikija Ijumaa na mfuko wa matunda na swali langu la "umekula?" Sasa tumegawana. Chamcha cha Jumamosi na Jumapili ni zamu yangu, na mdogo wangu ana jioni tatu.

Mwezi uliopita mama alipima kilo 52. Jina langu halikumbuki tena, wakati mwingine ananiita kwa jina la kakake. Jumapili iliyopita nilimchambulia changu, nikamwekea kwenye sahani yake nyekundu. Alikula tonge tatu, kisha akachukua la nne, akaligeuza kwa vidole akilikagua miba kama alivyokuwa akitufanyia sisi utotoni, akanielekezea mdomoni. Nililila. Baada yake akaendelea na lake.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazee wetu na awape subira wanaowalea.